Nyumba ya Tandika: shajara ya wapangaji tuliorithi

Januari 2025. Hali ya kuanzia

Nyumba iko Tandika, Temeke. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi mtaani pale: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na bafu, na upande wa barabarani marehemu baba alitoboa ukuta akapata fremu moja ya duka. Baba alifariki Septemba 2023. Toka mwezi ule hadi Desemba 2024 imepita miezi 16, na kodi iliyomfikia mama haizidi ya kununulia unga.

Mama nakaa naye Morogoro. Tuko watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, mimi ndiye mkubwa. Kikao cha ukoo kilinipendekeza kuwa msimamizi wa mirathi, tukapeleka maombi Mahakama ya Mwanzo kwenye kile kituo jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, tangazo likabandikwa, hakuna aliyeleta pingamizi. Sasa Fomu namba 4, ile ya mahakama ya kuniteua msimamizi, ninayo. Shajara hii naiandika kwanza kwa wadogo zangu, maana wanauliza kila wiki pesa iko wapi, na pili kwa yeyote aliyeachiwa nyumba yenye watu ndani na hajawahi kupangisha hata banda la kuku.

Chanzo changu cha kwanza ni kaunta buku ya baba. Jalada limekatika mgongo, amelishona kwa uzi wa nailoni. Kila chumba kina ukurasa wake, kila malipo yana tarehe, na pembeni ameweka sahihi yake na ya mpangaji. Ukurasa wa mwisho alioandika ni wa Agosti 2023: "Ch. 6 wazi. Kufuli jipya 8,500." Mstari huo nimeuwekea alama, maana chumba namba 6 leo kina mtu.

Nimekaa na kalamu nikajumlisha deni kwa kodi zile zile alizoacha baba:

Chumba 1, mzee mstaafu: 35,000 kwa miezi 16, jumla 560,000.
Chumba 2, mama ntilie: 40,000, anadaiwa miezi 9, jumla 360,000. Miezi mingine alikuwa anamtumia mama kwa simu.
Chumba 3, kijana wa bodaboda: 45,000 kwa miezi 16, jumla 720,000.
Chumba 4, mke na watoto: 40,000 kwa miezi 14, jumla 560,000.
Chumba 5, mwajiriwa: 50,000 kwa miezi 16, jumla 800,000.
Chumba 6, dada wa saluni: 45,000 kwa miezi 16, jumla 720,000.
Fremu, wakala wa pesa za simu: 120,000 kwa miezi 16, jumla 1,920,000.

Zote pamoja ni 5,640,000. Mdogo wangu wa kiume alipoiona namba hiyo kwenye kundi letu la simu alijibu kwa neno moja tu: "Wezi." Nimeiacha hivyo hivyo, lakini siamini kwamba watu saba wanaweza kuamka siku moja wakawa wezi kwa pamoja.

Mwisho wa Januari. Kujitambulisha

Kabla ya kugonga mlango wa mpangaji yeyote nimepita ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti ni mpya, ameingia kwa uchaguzi wa Novemba 27 mwaka jana, hamjui baba wala nyumba. Mjumbe ndiye mwenye historia yote, mpaka nani alihamia na kitanda cha aina gani. Nimeacha nakala ya Fomu namba 4, ya cheti cha kifo na ya leseni ya makazi, mwenyekiti akagonga muhuri kwenye barua yangu ya kujitambulisha.

Barua ni ya ukurasa mmoja. Inasema mimi ni nani, nimeteuliwa na mahakama gani, kodi kuanzia Februari 1 inaingia kwenye akaunti gani ya benki, na kwamba mtu mwingine yeyote atakayepokea hela, awe ndugu yetu au dalali, hapokei kwa niaba ya mirathi. Nimeomba kila mmoja aje na ushahidi wowote wa malipo alionao: risiti, ujumbe wa simu, hata karatasi ya daftari. Mjumbe alizungusha, kila aliyepokea akasaini.

Akaunti ni ya mirathi peke yake. Pesa ya kodi si yangu hata ningekuwa nimeifuata mwenyewe kwa treni, na nauli ya SGR 13,000 kuja na 13,000 kurudi inaingia daftarini kama matumizi mengine yoyote. Mahakama inataka orodha ya mali, Fomu namba 5, ndani ya miezi minne, halafu hesabu kamili kwenye Fomu namba 6. Ukichanganya na pesa ya vitumbua vya watoto utakuja kuumbuka mbele ya hakimu.

Watu walikuja mmoja mmoja barazani, na hapo ndipo ile 5,640,000 ilipoanza kumeguka.

Mzee wa chumba 1 alianza yeye. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo. "Mwanangu, mimi pesa ya baba yako sijala. Nilikuwa sijui nimpe nani, kila mtu anakuja anasema yeye ndiye." Ndani ya mfuko: risiti mbili za gari la kunyonya choo, 120,000 kila moja, na risiti ya bati, mbao na misumari, 185,000, kwa ajili ya paa la uani lililong'oka. Jumla 425,000. Nimepanda ngazi ya jirani nikaangalia, bati jipya lipo. Kwenye 560,000 anabaki na 135,000, na siku ile ile alitoa 100,000 kwenye kitambaa.

Wadogo zangu wameuliza kwa nini nimekubali matumizi ambayo hakuna aliyeyaruhusu. Choo kingefurika nani angeruhusu? Vyumba sita vyote vingekuwa vitupu leo.

Wakala wa fremu naye hakuwa na ubishi. Kumbe leseni yake ya biashara ilikuwa inakwama kwa kukosa mkataba wa pango unaoeleweka, ule wa zamani umesainiwa na mtu aliyefariki. Alikuwa ananihitaji kuliko mimi nilivyomhitaji yeye. Tumekubaliana deni la 1,920,000 kwa mikupuo miwili, na mkataba mpya wa mwaka. Kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara anakata kodi ya zuio asilimia 10 na kuipeleka TRA, hivyo mkupuo wa kwanza wa 960,000 umeingia benki 864,000, na stakabadhi ya ile 96,000 nimeidai na nimepewa. Mkataba mpya tumeulipia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani 14,400. Wengi huuruka huo. Siku ukitaka kuutumia mkataba kama ushahidi ndipo unaambiwa haukugongwa stempu.

Februari. Hoja ya kufuli

Mdogo wangu anataka tufunge chumba 5 kwa kufuli mwenye nacho akiwa kazini, au tung'oe bati la juu yake kwa kisingizio cha ukarabati. Amesema marafiki zake wawili wamefanya na ilifanya kazi. Sibishi kwamba hufanya kazi. Ila nimemweleza, na ninaandika hapa ili isirudi tena kundini: Fomu namba 4 ina jina langu. Mpangaji akisema ndani kulikuwa na laptopu na milioni mbili taslimu, atakayekwenda kituo cha polisi kujieleza si rafiki zake.

Nimekaa na msaidizi wa kisheria wa kata. Aliyonieleza, kwa ufupi: zamani kulikuwa na sheria ya 1984 ya udhibiti wa kodi za nyumba, ilifutwa 2005, wazee wengi mtaani bado wanaitaja kama ipo. Sasa hivi tunaangalia Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Upangaji usio na muda ulioandikwa na ambao kodi yake huhesabiwa kwa mwezi ni upangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi yake haipaswi kupungua mwezi mmoja. Mgogoro unapelekwa kwanza baraza la kata, ambalo toka sheria ilipobadilishwa 2021 halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kumtoa mtu kwa nguvu ni kazi ya dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Mwenye nyumba na vijana wa kijiweni haiwahusu.

Mdogo wangu amejibu, "Haya dada, wewe ndiye msimamizi." Kwa sauti ile ile ya utotoni alipokuwa ananyimwa kitu.

Bado Februari. Baba mdogo

Hili ndilo nilikuwa nalikwepa kuliandika.

Kijana wa bodaboda alikuja na simu. Akafungua ujumbe wa zamani, akateremka taratibu na kidole gumba kilichochanika, mpaka Oktoba 2023: ametuma 270,000, jina la mpokeaji ni la baba mdogo. Akaendelea, Aprili 2024, 270,000 nyingine. Kodi ya miezi 12, kalipa mbele, sita sita, kama alivyokuwa anamlipa baba. "Alikuja hapa na kanzu wiki ya msiba, akasema yeye ndiye mkubwa wa familia sasa. Mimi ningemkatalia vipi, dada?"

Asingeweza. Mimi mwenyewe nisingeweza.

Sikumpigia simu baba mdogo. Kwetu mtoto hamwiti baba yake mdogo kwenye kikao akamuuliza hela. Nilimtuma shangazi, naye akakaa naye jioni nzima, akarudi na jibu: pesa ilipokelewa kweli, na imetumika kumalizia deni la hospitali la marehemu na chakula cha arobaini. Stakabadhi ya hospitali ipo, 310,000. Ya arobaini haipo, lakini ule wali tuliula sote.

Tulikutana Kigamboni kwa shangazi. Maamuzi: 540,000 inahesabiwa kuwa imelipwa, kijana hadaiwi hata senti kwa miezi hiyo. Kati yake 310,000 inaandikwa kama deni la marehemu lililolipwa, kwa sababu ndivyo lilivyo. Iliyobaki 230,000, baba mdogo alisema atairudisha "Mungu akipenda", nikaiandika hivyo hivyo kwenye safu ya wadaiwa, na baba mdogo akatia sahihi bila kununa sana. Kijana anabaki na miezi minne, 180,000, ameomba alipe 45,000 ya ziada kila mwezi. Sawa.

Wako watakaosema alimlipa asiyehusika, alipe tena. Labda baraza lingesema hivyo. Lakini aliyemwacha mtu wa kanzu apite kukusanya kodi ni sisi, familia, tuliokaa zaidi ya mwaka bila kumteua msimamizi. Hasara ni yetu tuimeze.

Machi. Ramadhani

Mwezi umeingia mwanzoni mwa Machi na nimesimamisha kila kinachohusu notisi. Hakuna kifungu kinachonilazimisha. Ni mtaa tu: ukimpa mtu notisi ya kuhama kwenye kumi la mwisho, hata wanaokulipa vizuri hawatakuamkia.

Mama ntilie wa chumba 2 mchana hauzi, anapika maandazi na uji wa futari kuanzia alasiri. Nilimkuta uani anachuja tui la nazi. Hakukana deni. Aliniuliza kama naweza kungoja zamu yake ya mchezo, wako wanawake kumi, zamu yake ni Mei, 200,000 taslimu. Nikasema nangoja. Ile 160,000 inayobaki atalipa 20,000 kwa mwezi kwa miezi 8, juu ya kodi ya kila mwezi. Tumeandika, mjumbe ameshuhudia.

Jambo moja nimeliona kwake na kwa kijana wa bodaboda: mtu wa kipato cha kila siku ukimdai kwa mwezi humpati. Mwisho wa mwezi kwake ni siku kama nyingine. Nimewaambia wote wawili wanaweza kuweka kidogo kidogo kwenye akaunti kwa wakala pale pale mbele, mradi kufika tarehe 5 imetimia. Mwezi wa kwanza mama ntilie aliweka mara nyingi, 3,000 hapa, 5,000 pale. Taarifa ya benki inachosha kusoma, lakini 40,000 ilitimia.

Chumba 4 ni habari nyingine. Aliyepanga kwa baba ni mume, naye amekwenda machimboni na simu yake haipatikani. Mke yupo na watoto watatu, anashona vitenge kwa cherehani ya mguu. Hakusaini chochote na hajawahi kuonana na baba. Kumdai yeye 560,000 ni kumdai mtu deni la mwenzake. Nimeligawa: deni la zamani linabaki kwa jina la mume, na mke anapewa mkataba wake mwenyewe, kwa jina lake, kuanzia Machi, 40,000. Alisoma kila mstari kabla ya kusaini, kisha akauliza kama mume akirudi anaweza kumfukuza chumbani. Nikamwambia mpangaji sasa ni wewe.

Kundini palichafuka kidogo. Mdogo wangu wa kike aliandika kwamba tumegeuka taasisi ya misaada. Nikamwomba anionyeshe njia ya kuipata ile 560,000 kutoka Chunya au Geita au popote alipo yule bwana, kwa gharama isiyozidi hiyo 560,000. Hakujibu. Mama alijibu kwa sauti ya simu: "Mwache ashone."

Aprili. Masika na LUKU

Deni la kodi limetulia, ugomvi umehamia kwenye umeme. Ningeambiwa mapema kwamba kinachovunja nyumba ya kupanga ni LUKU kuliko kodi, nisingeamini.

Mita ni moja kwa nyumba nzima. Wakala ana friji la soda, chumba 5 ana friji na jiko la umeme, mzee ana taa moja na redio, na wote walikuwa wanachanga sawa sawa. Zaidi ya hapo, mita ikitumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi inatoka kwenye bei ya matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti, inaingia kwenye ya kawaida, 292 kabla ya tozo na VAT. Vyumba sita na fremu kwenye mita moja lazima vivuke 75. Kwa hiyo mzee anawasha taa yake moja kwa bei ya mwenye friji.

Halafu ipo kodi ya jengo. Toka 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Aliyetangulia kununua umeme mwezi huo ndiye inayemkata, na karibu kila mara ni mama ntilie, maana anaamka wa kwanza. Amekuwa akiilipa kodi ya jengo la baba yangu mwaka mzima na zaidi, huku tukimwita mdaiwa. Nimempunguzia 18,000 ya mwaka jana kwenye deni lake, na kuanzia sasa anayekatwa 1,500 anaonyesha ujumbe na kuikata kwenye kodi yake. Ni hela ndogo. Lakini siku nilipotangaza hivyo uani ndiyo siku ya kwanza nilikaribishwa chai.

Fundi amefunga mita ndogo saba za ndani, kila mlango yake. Wakala alilipia ya kwake mwenyewe, zilizobaki mirathi. Mita kuu tutaomba ya pili kwa ajili ya fremu baadaye.

Masika yamekuja na yake: maji yanaingia chumba 3 kwenye kona ya dari. Yule kijana kahamishia kitanda katikati ya chumba na analala na ndoo. Kwa kuwa analipa kodi na ziada ya deni bila kukosa, bati lake limetangulia kabla ya rangi ya mbele ambayo wadogo zangu waliitaka. Wakala akalalamika kuhusu rangi. Nikamwonyesha ndoo.

Mei hadi Juni. Chumba 5

Nimemwacha wa mwisho kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyestahili lile neno la mdogo wangu, au karibu yake.

Ana kazi, mshahara unaingia benki kila mwezi. Januari alisema atalipa kwa mmiliki halali. Nikampa nakala ya Fomu namba 4. Februari akasema hiyo ni ya mirathi, anataka kuona hati. Machi akasema dada ajue na yeye ana wanasheria. Kila mara kwa adabu, kila mara ameegemea mlango uliofunguliwa nusu, nyuma yake televisheni kubwa ikiwaka.

Dada wa saluni wa chumba 6 ndiye aliyefungua fundo. Alileta karatasi zake zote, zimebanwa kwa kibanio cha nywele: amelipa miezi mitatu mitatu bila kukosa toka Septemba 2023, na kila karatasi imesainiwa na bwana wa chumba 5. Alimwamini kuwa ndiye msimamizi wa nyumba. Kumbe wiki ile ya msiba, sisi tukiwa makaburini na kwenye matanga, yeye alifungua kufuli jipya la baba la 8,500 akaingiza mpangaji.

Kwa hiyo chumba 6 hakikuwa na deni. Deni la 720,000 ni la chumba 5, juu ya 800,000 zake, jumla 1,520,000. Dada wa saluni alikuwa amelipia mpaka mwisho wa Mei, tumeuheshimu muda huo, na kuanzia Juni ana mkataba na mirathi moja kwa moja.

Baada ya Idi nilimpa bwana yule notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, deni limechanganuliwa mstari kwa mstari, nakala kwa mwenyekiti. Akaikataa. Mjumbe akaandika kwamba ameikataa, akaibandika mlangoni, tukapiga picha. Mwezi ukaisha, hakutoka. Tukaenda baraza la kata.

Hapo alidai marehemu alimpa vyumba vyote viwili kwa mdomo, kwa shukrani ya kumpeleka hospitali. Wazee wa baraza wakamsikiliza mpaka mwisho. Nikatoa kaunta buku, nikafungua ukurasa wa Agosti 2023. Mzee mmoja akavua miwani, akasogeza daftari karibu na uso, akasoma kwa sauti: "Chumba sita wazi." Akamuuliza yule bwana sahihi yake iko wapi. Kwenye ukurasa wa chumba 5 ipo kila mwezi, miaka minne mfululizo. Kwenye wa 6 haipo hata moja. Zilipowekwa na karatasi za dada wa saluni mezani, bwana akaomba kuzungumza nami pembeni.

Tumesuluhishana ndani ya zile siku 30. Atatoka Juni 30. Atalipa 1,000,000 kwa mikupuo minne ya 250,000, na 520,000 tumeiachia. Najua wadogo zangu watalipigia kelele hilo. Baraza la wilaya lingechukua muda, mwenye chumba angeendelea kukaa bure, na kila mwezi wa kungoja ni 50,000 nyingine inayopotea. Msaidizi wa kisheria alinisisitiza makubaliano yaandikwe, yasainiwe, yagongwe muhuri wa baraza, ili akikiuka tusianze upya kubishana kama deni lipo.

Alitoka Julai 2. Mkupuo wa kwanza alilipa. Chumba kakiacha kisafi, ila swichi kang'oa na holda ya taa kaenda nayo.

Julai. Hesabu ya nusu mwaka

Kati ya 5,640,000 za Januari, zilizoingia kama pesa ni za fremu mikupuo yote miwili, za mzee 135,000 zote, za kijana 180,000 zote, 200,000 za mchezo wa mama ntilie na sehemu ya zile 20,000 zake za kila mwezi, na 250,000 za chumba 5. Zilizofutika kwa haki, yaani hazikuwa deni toka mwanzo, ni 425,000 za mzee na 310,000 za hospitali. 18,000 za LUKU pia zimetoka, na 520,000 tulizomwachia bwana wa chumba 5. Zilizobaki hewani ni za mume wa machimboni, 230,000 za baba mdogo, na mikupuo mitatu ya bwana aliyehama, ambaye wa Julai ameshauchelewesha. Barua ya kumkumbusha imekwenda kupitia baraza.

Mgawo wa kwanza umefanyika baada ya kutoa ukarabati na gharama. Kilichobaki cha kugawa mwezi huu kilikuwa 240,000: kwa mirathi ya Kiislamu mama thumni yake, yaani moja ya nane, 30,000, na 210,000 ikagawanywa mafungu sita ya 35,000, kaka wawili mawili mawili, sisi dada moja moja. Mdogo wangu wa kufuli alipopokea 70,000 yake aliandika "Alhamdulillahi", halafu baada ya dakika mbili: "Chumba 5 tunapangisha shilingi ngapi?"

Tunapangisha 60,000, malipo ya miezi mitatu mbele, bila dalali, maana dada wa saluni tayari ana mwenzake anayetafuta. Kwanza fundi arudishe swichi.